Mali Ni Yako, Kibali Umekitoa

Kila siku iendayo kwa Mungu, watu wasiohesabika katika miji na vijiji vyetu hufungua akaunti katika mitandao ya kijamii, na kabla mlango haujafunguka huulizwa swali moja tu: Je, umekubali masharti ya matumizi? Nao hujibu kwa kidole. Hubonyeza neno "Nakubali", na papo hapo wamekwisha ingia. Masharti yenyewe ni marefu, yameandikwa kwa lugha ya mawakili, na ni nadra kumkuta mtu aliyeyasoma hata nusu yake. Hata hivyo kidole kile ni sahihi. Mahakama za nchi nyingi huweza kuihesabu kuwa ni alama ya kukubali mkataba.

Leo twapenda kueleza jambo moja lililomo ndani ya masharti hayo. Ni nani mwenye picha, shairi, wimbo au maneno ambayo mtu ameyaweka katika mtandao? Twalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu si jambo la matajiri na mawakili peke yao. Fundi cherehani apigaye picha gauni aliloshona, mwalimu atungaye shairi, dereva achukuaye video ya mafuriko barabarani, msichana aimbaye katika kwaya, wote hao wanatoa kazi ya mikono yao na akili zao. Na kazi ya mtu ni mali yake, hata kama imo ndani ya simu.

Katika mazungumzo ya watu tumesikia maneno ya namna mbili. Wa kwanza husema, "Ukishaiweka picha Facebook, imekuwa ya Facebook, huna lako tena." Wa pili husema, "Kitu kikishafika mtandaoni ni cha watu wote, chukua utakacho." Maneno haya yanapingana, lakini yote mawili ni makosa, na kila kosa lina hasara yake. Wa kwanza hukata tamaa, akaacha kudai haki aliyo nayo. Wa pili huchukua jasho la mwenzake, akalala usingizi akidhani hana deni.

Wapo pia wanaoyafananisha masharti haya na mkataba wa Mangungo. Kila mtoto aliyesoma historia katika shule zetu anajua habari hiyo: jinsi Karl Peters alivyofika Usagara mwezi Novemba 1884, na jinsi Mangungo wa Msovero alivyotia alama yake chini ya karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua. Kufanana kupo, wala hatukatai. Karatasi imeandikwa na upande mmoja, lugha ni ngeni, na anayetia alama hajui atiacho. Lakini ipo tofauti moja kubwa, na hiyo ndiyo inayotupasa tuishike barabara. Karatasi ya Peters ilidai nchi yenyewe. Masharti ya mitandao mikubwa hayadai mali yenyewe. Yanasema waziwazi kwamba mali hubaki kwa mwenyewe. Kinachotakiwa ni kibali cha kuitumia. Kibali si hati ya kuuza. Asiyeijua tofauti hiyo hawezi kujilinda, maana hajui alichokitoa wala alichobaki nacho.

HAKI YAZALIWA NA KAZI

Kwanza na tujue haki hiyo yatoka wapi. Wengi hudhani kwamba mtu hana hakimiliki mpaka aende ofisini, ajaze fomu na kulipa ada. Sivyo. Mkataba wa Berne, uliofanywa mwaka 1886, una kanuni kwamba haki ya mtunzi haitegemei kuandikishwa. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2001. Shairi likishaandikwa, haki imekwisha zaliwa, na kwa kazi za maandishi huendelea muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ikarithiwa na wanawe. Kuandikisha kazi kwafaa sana siku ya ugomvi, kwa kuwa ni ushahidi. Lakini si kuandikisha kunakoizaa haki.

Haki hiyo ina matawi mawili. Tawi moja ni la mali: haki ya kunakili, kuuza, kutangaza na kutoa kibali kwa wengine. Tawi la pili ni la heshima: haki ya mtunzi kutajwa jina lake, na kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia hadhi. Jambo hili si geni kwetu hata tuseme limeletwa na wageni. Tangu zamani washairi wa Kiswahili huliweka jina lao katika beti za mwisho, ili shairi likitoka Lamu kwenda Kilwa lisipotee njiani bila baba. Leo mtu hulikata shairi beti mbili za mwisho, akaliweka katika ukurasa wake, akapokea sifa. Huyo amekiuka matawi yote mawili kwa mkasi mmoja.

KIBALI CHENYE SIFA TANO

Sasa na tuyafungue masharti yenyewe. Tuchukue mfano wa kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram. Masharti yake yanasema kwamba mtumiaji hubaki mwenye hakimiliki ya vitu anavyovitunga, kisha yanasema kwamba mtumiaji huyo anaipa kampuni kibali cha kuvitumia, na kibali hicho kimepewa sifa tano. Kila sifa ina uzito wake, kwa hiyo yafaa tuzipime moja moja.

Sifa ya kwanza ni kwamba kibali si cha pekee. Maana yake, kuipa kampuni ruhusa hakukuzuii wewe kumpa mwingine. Mpiga picha aliyeiweka picha ya bandari katika ukurasa wake aweza kesho kuiuza picha ile ile kwa gazeti au kwa mchapaji wa kalenda, na kampuni haina neno. Sifa hii ni ya kumfaa mwenye mali, nayo ndiyo inayosahauliwa sana.

Sifa ya pili ni kwamba kibali chaweza kuhamishwa. Nyumba ikiuzwa, mikataba ya wapangaji humfuata mnunuzi. Na kampuni ikiuzwa, vibali ilivyopewa humfuata mnunuzi vilevile. Mwezi Aprili 2012 Facebook ilitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni moja. Instagram wakati huo ilikuwa na wafanyakazi 13 tu. Thamani ile haikutoka kwa watu 13 peke yao. Ilitoka pia kwa mamilioni ya watu waliolijaza ghala hilo kwa picha zao siku baada ya siku. Hao hawakuulizwa wala hawakugawiwa hata senti, na kwa mujibu wa masharti waliyoyakubali hawakuwa na dai.

Sifa ya tatu ni kwamba kampuni iliyopewa kibali yaweza nayo kutoa kibali kwa wengine chini yake. Hapo pana hatari, kwa kuwa mwenye mali humjua yule aliyempa ruhusa, lakini hawajui wale watakaopewa na huyo. Tutalirudia jambo hili.

Sifa ya nne ni kwamba hakuna malipo. Kampuni haikulipi mrabaha kwa kukitumia kitu chako ndani ya kibali hicho. Fedha ambazo baadhi ya mitandao huwagawia watunzi wenye watazamaji wengi hutokana na mpango mwingine, wenye mkataba wake mbali, na asiyeingia katika mpango huo asizitazamie.

Sifa ya tano ni kwamba kibali ni cha dunia nzima. Hakiishii Namanga wala Tunduma. Picha iliyowekwa Mbeya yaweza kutumika kwa kibali kile kile huko Brazili au Japani.

Baada ya sifa hizo yanafuata matendo yaliyoruhusiwa: kuhifadhi, kutumia, kusambaza, kurekebisha, kunakili, kuonyesha hadharani, kutafsiri, na kutengeneza kazi nyingine kutokana na ile ya kwanza. Msomaji asishtuke kabla ya kupima. Mengi ya matendo hayo ni ya lazima kwa kazi yenyewe. Kampuni isiporuhusiwa kunakili haiwezi kuiweka picha katika mitambo yake. Isiporuhusiwa kurekebisha haiwezi kuipunguza iingie katika kioo cha simu ndogo. Na isiporuhusiwa kuonyesha hadharani, ndugu yako aliyeko Muscat hataiona. Kwa hiyo kutoa kibali si uovu, wala kampuni kukiomba si wizi. Swali la haki ni mipaka: kibali kimetolewa kwa kazi gani, kwa nani, na mpaka lini?

Mpaka mmoja umo mikononi mwa mtumiaji mwenyewe. Masharti ya Meta yanasema kibali kitafuata mipangilio ya faragha iliyowekwa na mtumiaji. Aliyechagua kwamba picha zake zionwe na rafiki zake tu ametoa kibali chembamba. Aliyeziacha wazi kwa ulimwengu ametoa kibali kipana. Kazi ya dakika mbili katika mipangilio yaweza kupunguza nusu ya wasiwasi.

MPAKA LINI?

Kuhusu muda, masharti ya Meta yanasema kibali hukoma kitu kinapofutwa katika mitambo yake, na kufutwa huko kwaweza kuchukua hata siku 90. Lakini pana neno la kuangalia. Ikiwa wengine walikwisha kukishiriki kitu hicho, nao hawajakifuta kwao, kitaendelea kuwapo. Maji yakimwagika hayazoleki yote, na ndiyo maana busara ya kutangulia ni bora kuliko majuto ya kufuata.

Ukomo huo uliwahi kuguswa, na yafaa wafanyakazi wajue jinsi ulivyorudishwa. Mwezi Februari 2009 Facebook iliyabadili masharti yake, ikaliondoa fungu lililosema kwamba kibali hukoma mtu anapoviondoa vitu vyake. Kwa wiki moja na zaidi jambo hilo lilipita kimya. Kisha likagunduliwa, likatangazwa, na watumiaji maelfu kwa maelfu wakapaza sauti kwa pamoja. Tarehe 18 Februari kampuni ilikuwa imekwisha rudi katika masharti ya zamani. Mambo kama hayo yalitokea tena mwezi Desemba 2012, Instagram ilipotangaza masharti mapya yaliyoeleweka kwamba picha za watu zingeweza kutumika katika matangazo ya biashara bila wao kulipwa. Kelele zilikuwa kubwa hata kabla ya wiki kwisha mmoja wa waasisi wake, Kevin Systrom, akatangaza kwamba fungu lile la matangazo linarudishwa lilivyokuwa.

Masharti yale yaliandikwa na watu, na watu waliyabadili. Mtumiaji mmoja asingesikilizwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, methali ambayo kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi ameijaribu na kuiona ni kweli.

KIBALI WAMEPEWA NANI?

Sasa tulijibu lile kosa la pili, la wale wanaosema cha mtandaoni ni cha wote. Jibu zuri limo katika shauri la Daniel Morel, mpiga picha mzaliwa wa Haiti.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Port-au-Prince. Morel alikuwa mjini humo. Alipiga picha za maiti, za majeruhi na za nyumba zilizoanguka, na jioni ile ile akaziweka katika mtandao kwa njia ya Twitter, ili ulimwengu uone. Mtu mwingine, aliyekuwa katika nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika, akazinakili, akaziweka katika ukurasa wake kama kwamba ni zake. Shirika la habari la Agence France-Presse likazichukua kwa huyo, likazitoa kwa jina la mtu asiyezipiga, na kampuni ya Getty Images ikazisambaza kwa wateja wake. Magazeti makubwa ya ulimwengu yakazichapa.

Morel alipolalamika, shirika ndilo lililotangulia kwenda mahakamani New York mwaka huo huo, likitaka itamkwe kwamba halikukosa. Hoja yake kubwa ilikuwa masharti ya matumizi: kwamba mtu awekaye picha katika Twitter ameruhusu wengine kuitumia. Mwezi Januari 2013 Jaji Alison Nathan aliikataa hoja hiyo. Masharti yale yalikuwa yameipa kampuni yenye mtandao kibali chake, na yaliwaruhusu watumiaji kurudia maneno ya wenzao ndani ya mtandao. Hayakulipa shirika la habari haki ya kuzichukua picha za mtu na kuzifanyia biashara. Mwezi Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba haki ya Morel ilivunjwa kwa makusudi, likaamuru alipwe kiasi cha dola milioni 1.2.

Wasomaji waishike vema maana ya hukumu hiyo. Kibali ulichompa Juma si kibali ulichompa Hamisi. Ukimruhusu jirani apite shambani mwako kwenda kisimani, hukuwaruhusu wapita njia wote wachume maembe. Tena Morel hakuipata haki yake kwa kukaa kitako. Alizihifadhi picha zake za asili, alidai tangu siku za mwanzo, na alisimama mahakamani karibu miaka minne.

Lakini haifai tufiche upande mgumu wa jambo hili, nao ni ile sifa ya tatu tuliyoahidi kuirudia. Mwaka 2016 chombo cha habari kiitwacho Mashable kilimwomba mpiga picha Stephanie Sinclair picha yake moja kwa dola 50. Alikataa. Chombo hicho kikaionyesha picha ile ile kwa kuiunganisha moja kwa moja kutoka katika ukurasa wake wa Instagram. Mwezi Aprili 2020 mahakama ya New York ililitupa dai lake, kwa hoja kwamba aliuacha ukurasa wake wazi kwa watu wote, na masharti yaliipa Instagram uwezo wa kuwapa wengine kibali. Mwezi Juni jaji yule yule alilifikiri upya, akasema masharti hayakuwa bayana kiasi cha kuthibitisha kwamba Instagram ilikuwa imekwisha toa kibali hicho. Jaji ni mmoja na karatasi ni moja, na katika miezi miwili maamuzi yamekuwa mawili. Ikiwa majaji wasomaji wa sheria hutatizwa na kifungu hicho, mwananchi wa kawaida asione haya kuuliza maana yake.

Na neno hili latuhusu pia sisi wenye magazeti. Katika nchi zetu imezoeleka kuona chini ya picha maneno "kwa hisani ya mtandao". Mtandao hauna hisani ya kumpa mtu. Nyuma ya kila picha yuko aliyeiinua kamera, na hisani ni yake yeye. Gazeti linalotetea ujira wa mpagazi bandarini halina uso wa kumnyima mpiga picha ujira wake.

MTAMBO UNAOSOMA KAZI ZA WATU

Hatari ya kifungu kipana ni kwamba hupokea hata mambo ambayo hayakuwapo kilipoandikwa. Aliyeweka mashairi yake mtandaoni mwaka 2010 hakuota kwamba siku moja yangelishwa katika mitambo ya akili mnemba, mtambo ujifunze kutunga kwa kusoma kazi za watu. Leo jambo hilo limefika. Masharti ya mtandao wa X, ambao zamani ukiitwa Twitter, yaliyoanza kutumika tarehe 15 Novemba 2024, yanataja kwamba kibali kinahusu pia kuifundisha mitambo hiyo. Meta nayo ilianza kazi hiyo kwa maandishi ya wazi ya watu wazima katika nchi za Umoja wa Ulaya mwezi Mei 2025.

Lakini tazameni jinsi ilivyoanza. Huko Ulaya kampuni ilitaka kuanza mwaka 2024, ikasimama kwa kuwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Ireland iliitaka ingoje. Na ilipoanza, iliwapa watu fomu ya kukataa. Huko Brazili mamlaka ya namna hiyo iliizuia kampuni mwezi Julai 2024, na haikuiachia mpaka mwisho wa Agosti, ilipokubali kuwaarifu wananchi na kuwapa njia ya kukataa. Kampuni ni moja, mitambo ni ile ile. Penye sheria inayosimamiwa, mtu aliulizwa.

Nasi hatukosi sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi zamlinda hata yule ambaye hakupiga picha bali alipigwa. Hili nalo ni jambo la kulitenga: mpiga picha ana hakimiliki ya picha, lakini aliyemo pichani ana haki ya sura yake. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao, na mahali pamoja pa starehe akapatoza shilingi 1,850,000 kwa kuiweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mwenye duka anayempiga picha mteja na kumfanya tangazo la biashara ayafikirie maneno hayo.

Wapo watakaosema kwamba makampuni haya yako mbali, na masharti ya X yanapeleka mashauri Texas, huko Marekani. Ni kweli, na ni mzigo mzito kwa mtu wa kima cha chini. Lakini tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta yaweza kushitakiwa nchini Kenya katika mashauri ya wafanyakazi waliokuwa wakichuja maudhui yake Nairobi. Mashauri hayo ni ya ajira, si ya hakimiliki, lakini yameonyesha kwamba umbali wa ofisi kuu si ngome isiyopitika.

YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza tuache uganga. Tangu mwaka 2012 limekuwa likizunguka tangazo ambalo mtu hulinakili katika ukurasa wake, likisema kwamba anaikataza kampuni kuzitumia picha zake, na hata mikataba ya kimataifa hutajwa ndani yake. Mwezi Septemba 2024 lilirudi kwa sura mpya, kuikataza akili mnemba ya Meta. Tangazo hilo halina nguvu. Mpangaji aliyetia sahihi mkataba hawezi kuubadili kwa kuandika mlangoni kwake kwa chaki. Njia ni tatu tu: kutumia mipangilio na fomu zilizowekwa, kuondoka, au kudai kwa pamoja masharti yabadilishwe.

Pili, tusome. Si lazima kuyasoma masharti yote kwa usiku mmoja. Tafuta fungu linaloeleza maudhui yako na kibali unachotoa. Tazama kama kibali ni cha pekee au sicho, kama hukoma ukifuta, na kama yamo maneno "ya kudumu" au "isiyoweza kubatilishwa". Ukiyaona maneno hayo, jua kwamba mlango huo ukiingia hautoki na mzigo wako.

Tatu, mtunzi ahifadhi kazi yake ya asili pamoja na tarehe yake, atie jina juu ya picha, na kile anachotaka kukiuza asikitoe kizima. Anayeuza samaki huwaonyesha wateja, lakini hamwachii kila mpita njia amchukue.

Nne, tusiweke cha wenzetu bila idhini. Masharti yayo hayo humtaka mtumiaji awe na haki ya kile anachokiweka. Na asipokuwa nayo, lawama humwangukia yeye, si kampuni. Kuomba ruhusa ni ujumbe wa mstari mmoja. Na ruhusa ikitolewa, ihifadhiwe.

Tano, mambo haya yaingie katika mikutano ya matawi na ya vyama vya wafanyakazi, kama yanavyoingia mambo ya mshahara na likizo. Mfanyakazi hakubali kibarua bila kujua ujira, saa na siku ya mwisho. Kazi ya kamera na kalamu ni kazi kama kazi nyingine, na kibali chake kiulizwe maswali yale yale: ni kwa nani, kwa kazi gani, kwa malipo gani, na mpaka lini. Atakayeyauliza maswali hayo kabla ya kubonyeza amekwisha kuijua thamani ya alicho nacho, na mtu wa namna hiyo si rahisi kumdhulumu.